Ghuba ya Mikindani kwa Brashi Pana: Toni Kwanza, Rangi Baadaye

Picha ya mandhari inayochorwa kwa brashi pana na mkono mwepesi haina pa kujificha. Anayechora kila jani na kila kokoto anaweza kumshika mtazamaji kwa ufundi wa vitu vidogovidogo, hata kama mwanga na giza vyake havijakaa sawa. Mimi sichori majani. Mnazi wangu ni mapigo machache ya brashi, na jahazi ni mkwaruzo wa kahawia wenye doa la tanga juu yake. Kwa hiyo kila pigo lazima libebe kiasi chake sahihi cha mwanga au giza, la sivyo linabaki doa la rangi, halifiki kuwa mnazi. Hilo ndilo ambalo miaka ya kuchora kwa rangi za mafuta huku Mtwara, kuanzia mchanga wa Msimbati hadi ukingo wa Newala, imenifundisha kuliko yote: toni kwanza, rangi baadaye.

Toni ninayoisema ni ule weusi au weupe ulio ndani ya rangi. Nyekundu ya kanga na kijani cha mwembe zinaweza kuwa na toni moja kabisa. Ukiondoa rangi kwenye picha huwezi kujua ipi ni ipi. Jicho linavutwa na rangi haraka sana, na ndiyo maana watu wengi tunaopenda kuchora tunahangaika na tyubu za bluu na kijani wakati picha inalia kwa sababu nyingine.

Nitaeleza kwa picha moja, ya ghuba ya Mikindani, niliyoichora nikiwa juu ya kilima nyuma ya mji. Ukisimama pale unaona Boma jeupe lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, mapaa ya bati na ya makuti, minazi, kuta za zamani za mawe na chokaa, halafu maji, halafu mikoko ng'ambo, halafu vilima. Baada ya kikao cha kwanza rangi zilikuwa nzuri, kila moja ukiitazama peke yake. Lakini picha ilikuwa imelala. Vilima, mikoko na maji vilikuwa kama kitambaa kimoja kilichotandikwa ukutani, wala jicho halikuwa na njia ya kuingia ndani.

Nilipoipiga kwa simu na kuondoa rangi, sababu ikaonekana pale pale: theluthi mbili za picha zilikuwa kijivu cha namna moja. Bluu ya vilima, kijani cha mikoko na buluu ya maji, vyote vilikuwa na toni ya katikati. Simu ni chombo kizuri kwa kazi hii, lakini ukiwa porini njia ya haraka zaidi ni kufinya macho mpaka kope zikaribie kugusana. Vitu vidogo vinapotea, rangi zinafifia, na kinachobaki ni mafungu matatu au manne ya mwanga na giza. Siku hizi nafinya macho mara nyingi kuliko ninavyochovya brashi.

Yako mafunzo ya zamani kuhusu mandhari ambayo nimeyapima kwa macho yangu hapa pwani na kuona yanasimama. Anga ndiyo chanzo cha mwanga, hivyo kwa kawaida ndiyo yenye mwanga mwingi. Ardhi iliyolala inatazama juu, inapokea mwanga wa pili kwa wingi. Miteremko ya vilima inapokea kwa ubavu, kwa hiyo inakuwa na giza zaidi. Vitu vilivyosimama wima, yaani miti, ndivyo vyenye giza kuliko vyote. Ukipanga mafungu hayo manne kabla hujafikiria rangi, picha inakuwa na mifupa. Ila pwani yetu ina mambo yake. Mchanga wa Msimbati saa 4 asubuhi unaweza kuishinda anga kwa weupe, na Boma la Mikindani limesimama wima lakini linang'aa kuliko chochote kilicho chini yake. Kanuni inakupa pa kuanzia, halafu unafinya macho na kuuliza mahali penyewe.

Kwa hiyo sasa naanza na amba iliyochomwa peke yake, ile rangi ya udongo ya kahawia nzito. Naizimua kwa tapentaini mpaka iwe kama chai ya rangi, naipaka turubai zima, kisha nafuta kwa kitambaa pale penye mwanga na kuongeza pale penye giza. Hakuna nyeupe kabisa katika hatua hii. Amba inakauka haraka kuliko rangi nyingi za mafuta, na jambo hilo linasaidia sana katika hewa yetu yenye unyevu. Kesho yake ninachora juu yake bila kuvuruga kitu. Pia inafuata ile sheria ya rangi za mafuta kwamba tabaka la chini liwe jepesi na tabaka za juu ziwe na mafuta zaidi, ili picha isije kupasuka miaka ya mbele.

Katika picha ya ghuba nilirudi nikashusha mikoko mpaka ikawa giza kuliko nilivyodhani inawezekana. Nikapandisha maji karibu na anga, na vilima nikaviweka kati ya hivyo viwili. Sikubadilisha rangi hata moja kwa maana ya bluu kuwa kijani. Nilibadilisha toni tu, na umbali ukafunguka.

Baada ya hapo ndipo rangi zinapoanza kuwa na kazi ya kufanya, na hapa adui wa kwanza ni tyubu ya nyeupe. Nyeupe ya titani ina nguvu, inafunika vizuri, lakini inapoza kila inachokigusa. Ukiongeza nyeupe ili rangi iwe na mwanga, mwanga unaupata na joto linaondoka. Picha nzima inakuwa kama imemwagiwa unga. Jua la Mtwara si la namna hiyo. Ukuta wa chokaa ukipigwa na jua la saa 10 jioni una manjano ndani yake, na karibu na ardhi una wekundu, kwa sababu udongo unaurudishia mwanga wake. Ukuta huo nauchanganya kwa nyeupe, oka ya manjano (rangi ya udongo) na chembe ya siena iliyochomwa, ile yenye wekundu wa tofali. Mwanga ukihitajika zaidi, kabla ya kuongeza nyeupe naangalia kilicho pembeni. Mara nyingi kivuli cha jirani kikishushwa kidogo, ukuta unawaka wenyewe. Nyeupe tupu naiweka mwisho kabisa, mahali pamoja au pawili: povu la wimbi, au kona ya paa la bati iliyolishika jua.

Tena kuna saa. Mtwara iko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita juu kabisa ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili na mwezi wa kumi. Katika miezi hiyo, kuanzia saa 5 hadi saa 9, vivuli vinaingia chini ya vitu vyake na mandhari inakosa mpangilio wa mwanga. Hapo unaweza kuchora mpaka jasho likuishie, toni hazipatikani kwa sababu hazipo. Mimi nachora kuanzia saa 1 hadi saa 3 asubuhi, au saa 10 mpaka jua linazama. Mwezi wa sita na wa saba, wakati wa kusi, hali ni tofauti. Jua linakuwa upande wa kaskazini hata adhuhuri, vivuli vinalala kuelekea kusini, na hewa ni kavu na safi zaidi. Msimu huo ndio ninaoupenda kwa kazi ya nje.

Sasa kijani, ambacho kwetu ni kingi. Kijani cha tyubu kikipakwa kilivyo kinapiga kelele, hakifanani na mti wowote ninaoujua. Nakitengeneza mwenyewe kwa ultramarini, ile buluu nzito, na oka ya manjano kikiwa cha kupoa, au kwa ultramarini na manjano ya kadimiamu kikiwa cha jua. Kinapozidi ukali nakitia siena kidogo, kwa sababu wekundu ndio unaokishusha kijani bila kukichafua. Lakini kuchanganya ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuutazama mti wenyewe. Mkorosho unapochipua, majani yake machanga yana wekundu wa shaba, na mwembe vilevile. Msimu wa kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unga wa manjano wa salfa unakaa juu ya majani na mkorosho unageuka kijivu chenye umanjano, hasa asubuhi kabla upepo haujaamka. Mikoko ni kijani kizito kilichoegemea kahawia. Mnazi ndio wenye hila zaidi. Simama chini yake asubuhi utazame kuti moja: upande wa juu wa vijiti vyake unang'aa na kuchukua rangi ya anga, unakuwa buluu iliyopauka, karibu na fedha. Pale jua linapopenya jani kutoka nyuma, rangi ni manjano kali inayowaka. Kijani chenyewe, kile ambacho mtu angekisema haraka, kimebaki katikati kama uzi. Tangu nilipoliona hilo, minazi yangu ina buluu na manjano kuliko kijani, na watu wanaiona ni mibichi zaidi.

Kuhusu vivuli, mwalimu wangu mkubwa hakuwahi kushika brashi. Nilikuwa pembeni mwa shamba la mikorosho nje kidogo ya Mikindani, mzee mwenye shamba akaja na jembe begani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unaichora mikorosho yangu?"

Akasimama nyuma yangu akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mkorosho ni wenyewe, nimeutambua. Ila hapo chini mimi sikai."

"Kwa nini, babu?"

"Jua linapita hapo. Kivuli cha mkorosho mkubwa mtu analala mpaka alasiri."

Alikuwa anazungumzia toni. Nikaenda nikaingia chini ya mti nikatazama kwa makini. Mkorosho mkongwe matawi yake yanashuka karibu yaguse ardhi, ndani yake panakuwa kama chumba. Ardhi imejaa majani makavu, kahawia yenye uzambarau, na giza lake lilikuwa zito kuliko shina la mbuyu lililokuwa mbele yangu juani. Vile vidoa vya jua vinavyopenya havikuwa vyeupe hata kidogo. Vilikuwa na toni ile ile ya ardhi iliyokuwa nje kwenye jua. Mimi nilikuwa nimekipa kivuli toni ya katikati na kukinyunyizia vidoa vyenye mwanga mno, ndiyo maana babu aliona jua linapita.

Giza hilo silitengenezi kwa nyeusi ya tyubu. Ultramarini na amba iliyochomwa zikichanganywa zinatoa giza zito unaloweza kuliegemeza utakako. Ukizidisha ultramarini linapoa, ukizidisha amba linapata joto. Nalipaka jembamba, karibu lionyeshe turubai, kwa sababu rangi nene ya giza inashika mng'ao na kuonekana ya kijivu. Unene nauweka kwenye mwanga, pale ambapo matuta ya brashi yanasaidia. Na kivuli kikilala juu ya udongo mwekundu, kama ule wa Newala, udongo hauachi kuwa mwekundu. Unashuka toni na kupokea buluu kidogo ya anga, lakini wekundu wake bado upo. Kupaka kivuli rangi moja ile ile juu ya mchanga, majani na udongo kunaikata picha vipande.

Umbali niliusoma vizuri zaidi huko huko Newala, pale Shimo la Mungu. Ukingo wa nyanda za Wamakonde unakatika ghafla, bonde liko chini kabisa, na ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji, tabaka nyuma ya tabaka. Pale unaona kwa macho jinsi hewa inavyofanya kazi. Giza ndilo linaloondoka kwanza. Miti ya karibu ina weusi halisi, ya katikati ina kijivu, ya mbali haina giza kabisa. Halafu manjano inapotea, kwa hiyo kijani kinaelekea buluu, na mwisho buluu yenyewe inafifia mpaka inakaribia anga. Ninachofanya ni kuchanganya rangi ya miti ya karibu kwa wingi, kisha kuigawa mafungu, na kila fungu linalofuata naliongezea kijivu cha buluu. Hivyo tabaka zote zinakuwa na undugu. Ila mwezi wa nane na wa tisa, watu wanapochoma mashamba kuyaandaa, hewa inajaa moshi na umbali unageuka wa udhurungi wenye joto. Mchoraji atakayepaka buluu kwa mazoea siku hiyo atakuwa hakutazama.

Maji nayo yanastahili subira. Bahari ikijaa ndani ya ghuba asubuhi isiyo na upepo, taswira za vitu vya ufukweni zinaonekana juu yake kama kwenye kioo, lakini si kwa toni ile ile. Taswira ya kitu cheupe inashuka giza kidogo, na ya kitu cheusi inapanda mwanga kidogo. Kuta za mji na jahazi zinasogeleana. Ukilishika hilo, maji yanalowa hata kama umeyapaka kwa mapigo ya ulalo tu. Bahari ikipwa, hasa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali zaidi, habari ni nyingine: tope la kijivu na kahawia lenye vidimbwi, na kila kidimbwi kimebeba kipande cha anga. Mimi napenda sana kuchora maji yakipwa. Rangi ni chache, kwa hiyo toni inabeba kila kitu.

Kuna jambo moja la mkono ambalo linaokoa rangi kuliko maneno yote haya. Changanya kabla hujapaka. Naandaa mafungu yangu kwenye ubao, la anga, la maji, la mwanga wa ardhi, la giza la miti, na kila fungu lina brashi yake. Naweka pigo, naliacha. Kulirudia mara ya tatu juu ya rangi mbichi ndiko kunakoleta matope, yaani ile rangi isiyo ya joto wala ya baridi. Pigo likikaa vibaya nalikwangua kwa kisu na kuliweka upya.

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932 na kuanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za kung'aa za dukani juu ya hadbodi, bila kivuli wala umbali. Nazitazama kazi za mtindo wake kila ninapokwama. Ndege wake anasimama mbele ya uwanja wa rangi tupu na huwezi kumkosa, kwa sababu tofauti ya toni kati ya ndege na nyuma yake ni safi. Katika mandhari yangu yenye ukungu na maji, swali ni lile lile: kitu hiki kinatengana vipi na kilicho nyuma yake, kwa toni, kwa joto, au kwa ukali wa rangi? Kikitengana kwa njia moja kinatosha.

Ukali wa rangi nauweka akiba. Picha ya ghuba ilipofikia mwisho, karibu kila kitu ndani yake kilikuwa kijivu cha aina fulani: kijivu cha buluu, cha kijani, cha waridi kwenye mapaa. Mashua moja iliyovutwa pwani ilikuwa na mstari mwekundu ubavuni, nikaupaka kwa kadimiamu nyekundu kutoka kwenye tyubu bila kuichanganya na chochote, pigo moja fupi. Mwekundu ule ukaifanya hata mikoko ionekane ya kijani zaidi.

Mwisho, angalia picha inakochorewa na inakotundikwa. Turubai likipigwa na jua moja kwa moja, rangi zote zinaonekana na mwanga mwingi, hivyo unachanganya giza kupita kiasi, na ukifika nyumbani picha imezama. Natafuta kivuli cha mwembe au nalikalisha turubai mgongo kwa jua, na ubao wa kuchanganyia unakuwa ndani ya kivuli hicho hicho. Kisha naitundika picha ukutani sebuleni, mkabala na dirisha, naiishi siku kadhaa mchana na usiku chini ya balbu. Ya ghuba iko pale sasa. Mikoko imekaa, maji yamekaa. Kilima cha kushoto bado buluu yake imezidi kidogo, na kabla sijaifikia vanishi, ambayo rangi ikiwa nene inasubiri miezi sita au zaidi, nitaipitishia oka nyembamba iliyozimuliwa kwa mafuta.